Ndege za vita kwenye mashamba ya Ugogo: muulize mzee shamba kabla hujamuuliza vita

Wadau, leo nataka niongelee kitu ambacho ndio kazi yangu, historia simulizi ya vita huku Ugogo na kanda ya kati ya Tanzania, na hasa zile stori za ndege ya jeshi iliyoanguka shambani. Ukizunguka Kondoa, Bahi, Mpwapwa, Kongwa mpaka Manyoni, ukakaa na wazee bila haraka, kuna siku mtu atakwambia ndege ilidondoka kwenye shamba la babu yake wakati wa vita, mzungu akatoka mzima akaomba maji, au hakutoka, na vyuma vikabaki pale mpaka watu wakavimaliza kidogo kidogo. Sasa mtafiti mgeni akishasikia hivyo anakimbilia swali moja, vita gani mzee, na mzee anajibu ya Mjerumani, halafu dakika tano mbele anataja kitu ambacho enzi za Mjerumani hakikuwepo kabisa, basi daftari linafungwa na mzee anaandikwa kwamba amechanganya mambo. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Wazee hawa shamba wanalikumbuka vizuri kuliko vita, tena vizuri mno, ukianzia kwenye vita utakwama na ukianzia shambani mara nyingi utafika mpaka kwenye vita yenyewe.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, ila kwanza tujue ndege zenyewe zilitoka wapi.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza 1914 Mjerumani hakuwa na kikosi cha ndege hapa, alikuwepo rubani mmoja anaitwa Bruno Büchner ambaye alikuja na ndege yake kwa ajili ya maonyesho, vita ikamkutia Dar es Salaam, na ile ndege haikudumu. Kwa hiyo ndege za kivita ambazo watu wa bara walikuja kuziona baadaye zilikuwa za upande wa pili, Wabelgiji walikuwa nazo za kutua majini kule Ziwa Tanganyika mwaka 1916, na Waingereza walileta skwadroni namba 26 iliyokuwa na watu wengi wa Afrika Kusini, wakafika Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na ndege za BE2c na Henri Farman. Hao walifuatana na jeshi la Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, kutoka Kilimanjaro kushuka kusini kuelekea reli ya kati. Upande wetu huku alikuja van Deventer, jenerali wake wa Afrika Kusini, akaingia Kondoa Irangi Aprili 1916, mvua za masika zikamfungia pale, von Lettow kamanda wa Wajerumani akamshambulia Mei akashindwa kumtoa, na tarehe 29 Julai 1916 Dodoma ikawa mikononi mwa Waingereza. (Mambo ya Rufiji na meli ya kivita ya Mjerumani, Königsberg, iliyomalizwa Julai 1915 kwa msaada wa ndege za kuelekeza mizinga yameandikwa sana, siyarudii hapa.)

Watu wanadhani ndege zile zilianguka kwa kutunguliwa. Wachache sana! Adui mkubwa wa rubani wa 1916 kwenye nchi hii ilikuwa injini yake mwenyewe pamoja na joto. BE2c ilikuwa na injini ya nguvu farasi 90 tu, inapozwa na hewa, na Dodoma ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake saa saba mchana imepanuka kwa jua na ni nyepesi, bawa halipati kitu cha kushika, injini inachemka, halafu kuna vile visulisuli vya kiangazi vinavyonyanyua vumbi mpaka juu kabisa. Injini ikizima rubani ana dakika chache za kuchagua pa kushukia. Akiangalia chini anaona nini? Msitu wa miombo, au vichaka vya Itigi ambavyo hata mbuzi anapenya kwa shida, au vilima vya mawe, na hapo katikati sehemu iliyosafishwa, tambarare, haina miti zaidi ya mbuyu mmoja mmoja, na hiyo ni shamba la mtu. Kwa hiyo ndege kuishia shambani lina sababu, wakulima ndio walikuwa wameandaa viwanja pekee vya kutua kwenye eneo lote lile bila kujua wala kuombwa.

Na hapa msimu unaingia. Uwele na mtama huku unavunwa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba hivi, baada ya hapo shamba linabaki mabua. Mzee akikwambia ndege ilikuta mazao yamesimama au ilikuta mabua, amekupa miezi ya tukio kwa usahihi kuliko kalenda, maana hicho hakisahauliki, mazao yakilaliwa na ndege ni chakula cha mwaka mzima kimepotea.

Nitoe mfano mmoja. Kuna bibi niliongea naye kaskazini mwa Bahi, yeye alisimuliwa na mama mkwe wake, na alianza kwa kuniambia kabisa kwamba ndege ilianguka kwenye vita ya Hitla. Nikaliacha Hitla likae. Nikamwamkia vizuri, nikauliza, "Bibi, lile shamba lilikuwa linalimwa na nani?"

"La mama mkwe wangu, mjukuu wangu. La uwele, upande wa bondeni mtama."

"Walikuwa wameshavuna?"

"Walishakata, mabua yapo. Yule mzungu walimkuta kakaa chini ya mbuyu, wakampa maji kwenye kibuyu, akanywa, akalala. Kesho yake kutwa wakaja askari wakachukua wanaume wabebe kile chuma kizito mpaka relini. Baba mkwe naye alichukuliwa, hakurudi. Basi na mwaka uliofuata na mwingine ukaja Mtunya."

Yaani angalia alichonipa bibi kwa majibu mawili. Mabua, kwa hiyo ni kiangazi. Relini, kwa hiyo ni baada ya 1910 reli ilipofika Dodoma. Injini imebebwa mabegani na watu waliokamatwa, huo ni utaratibu wa vita ya kwanza. Halafu Mtunya ikafuata, na Mtunya kwa Mgogo yeyote ni njaa kubwa ya 1918 mpaka 1920. Hitla hana nafasi hapo, jina tu limeingia baadaye kwa sababu ndilo jina la vita lililosikika zaidi redioni na shuleni, lakini mwili wote wa ile simulizi unaelekea 1916 au 1917. Kama ningeanza na swali la vita ningeondoka na Hitla na kumwacha baba mkwe ambaye hakurudi.

Hii Mtunya inabidi nikae nayo kidogo, maana naamini ndiyo iliyozihifadhi stori za ndege. Majeshi yote mawili, la Mjerumani na la Mwingereza, yalipita Ugogo yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, lile jeshi la wapagazi ambalo jina lake limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam. Mtu aliyebeba mzigo hakulima. Mifugo ambayo ndiyo akiba ya Mgogo mvua ikikataa ilishaliwa na askari. Mvua zilipokataa kweli hakukuwa na kitu cha kushika, na inakadiriwa watu kama 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 hivi wa Ugogo. Sasa kwa familia iliyopitia hayo ndege haikuwa ajabu ya kusimulia watoto jioni, ilikuwa ndio alama ya mwanzo, ndege ikaja, watu wakachukuliwa, ng'ombe wakaondoka, njaa ikaingia. Ndiyo maana nasikitika sana nikisoma maandishi yanayozitaja simulizi hizi kama vichekesho vya watu washamba kushangaa ndege. Hawa watu walielewa vizuri kabisa kilichokuwa kinawapata.

Turudi kwenye vyuma, maana mara nyingi mzee anakuonyesha kitu, anaingia ndani ya tembe anatoka na kipande kimefungwa kitambaani. Hapo tembea na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu inatosha. Ndege ya BE2c ilikuwa mbao, kitambaa cha kitani kilichopakwa rangi ya kukaza, na waya za chuma, yaani mchwa wa Dodoma wakipewa misimu miwili ya mvua mbao imekwisha, kitambaa kimechukuliwa siku ileile, kinachobaki ni injini kama haikubebwa, waya, boliti, na vishikizo vya chuma. Henri Farman aina ya F.27 yenyewe fremu yake ilikuwa mabomba ya chuma, ndio maana waliipenda kwa nchi za joto, hiyo inaacha mabomba. Vyote hivyo sumaku inashika na vinapata kutu nyekundu. Ndege nyingi za vita ya pili ni alumini, nyepesi mkononi, sumaku inateleza, haina kutu nyekundu ila inatoa unga mweupe mweupe, na pembeni utaona mistari ya riveti ndogo zimepangwa sawasawa. Ukiona mhuri wa herufi AM na taji juu yake hiyo ni mali ya wizara ya anga ya Uingereza. Kwa hiyo mtu akisema ni ndege ya 1916 halafu kipande ni bati la alumini lenye riveti, usimwambie anadanganya, kuna uwezekano mkubwa kijiji kina matukio mawili yameungana kuwa moja, au kipande kimetoka kwingine kabisa.

Kwingine wapi? Hapa ndio Kongwa inaingia. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 ukafa 1951, na mitambo mingi waliyoleta ilikuwa masalia ya vita ya pili, mpaka vifaru vya Sherman ambavyo kiwanda cha Vickers kiligeuza kuwa matrekta yakaitwa Shervick. Mradi ulipokufa vyuma vilisambaa wilaya nzima, na watu walisikia kabisa kwamba ni vyuma vya vita, hawakukosea, ni vya vita kweli. Sasa kizazi cha tatu kikiona chuma cha vita na kina stori ya ndege kwenye ukoo, hivyo viwili vinaoana vyenyewe. Pande la mnyororo wa kifaru ukilishika ni zito na nene, hakuna fundi wa ndege angekubali kupaisha uzito ule. Nimeonyeshwa "bawa la ndege" ambalo ni pande la mtambo wa kung'olea visiki, na mwenye nalo alikuwa analitunza kwa heshima kubwa, nikalipiga picha, nikaandika maneno yake yote, na nikamweleza kwa upole ninachokiona mimi, tukabaki wote na maelezo mawili.

Kuna tukio lingine ambalo sio la vita ila linaingia sana kwenye stori za vita, la tarehe 27 Februari 1920 kule Tabora. Ndege kubwa ya Vickers Vimy, aina iliyobuniwa kuwa ya mabomu, ilikuwa inajaribu safari ya kutoka Uingereza mpaka Cape huko Afrika Kusini, marubani Cockerell na Broome, na ndani yupo Dk Chalmers Mitchell mtaalamu wa wanyama, ikaharibika Tabora na safari ikaishia hapo. Fikiria mtu wa reli ya kati, njaa ya Mtunya haijaisha vizuri, wabebaji wengine ndio wanarudi, halafu habari inakuja na treni kwamba ndege kubwa imeanguka. Kwake hiyo ni vita tu, na mimi simlaumu.

Vita ya pili ni tofauti. Hakukuwa na mapigano huku, ila anga lilikuwa na pilikapilika. Dodoma ilikuwa tayari kituo kwenye njia ya Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, ya kwenda Cape tangu 1932, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na kuendelea kusini, na kuanzia 1940 Afrika Kusini ilipopeleka vikosi vyake Kenya kwa ajili ya kampeni ya Ethiopia, kisha ikawa na ndege za kwenda Cairo na kurudi, anga la Afrika Mashariki lilipata ndege za kijeshi kwa wingi ambao haukuwahi kuwepo. Ajali zilikuwepo, kubwa inayojulikana ni ya Kisumu Disemba 1942, ndege aina ya Lodestar iliyombeba Jenerali Dan Pienaar wa Afrika Kusini ilitumbukia ziwani muda mfupi baada ya kuruka. Mzee wa Kondoa akikutajia ndege ya miaka hiyo muulize kama ilikuwa kabla Wapolandi hawajaja au walikuwa wameshakuja, kwa sababu wakimbizi wa Poland waliwekewa kambi Kondoa kwenye ile vita ya pili na wazee wanawakumbuka, hiyo inakupa kipimo kizuri kuliko kumtajia mwaka.

Halafu kuna stori zilizorudi na askari. Watanganyika takribani 87,000 waliingia jeshini vita ya pili, wengi KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma 1944, bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, kwenye mvua na matope huku wanadondoshewa chakula na risasi kutoka kwenye ndege za mizigo za Dakota. Mtu aliyeishi miezi hiyo akirudi Mpwapwa atasimulia ndege mpaka anakufa. Watoto wake wanasikia "ndege ikaanguka kwenye shamba la watu," wajukuu wanasikia "shamba letu." Dalili zake zipo na tena ni shamba linazitoa: shamba lina maji mpaka magotini, kuna mpunga, kuna nyati wa kulimia. Hilo sio shamba la uwele wa Ugogo! Ukigundua hivyo usiitupe, umepata kumbukumbu ya Burma ya askari ambaye pengine hajaandikwa popote. (Na mtu akitaja ndege ya kivita ya MiG, huyo yuko kwenye vita ya Kagera 1978 na 1979, ambayo huku kwetu ililetwa na waliokwenda mstari wa mbele.)

Sasa shida kubwa, ambayo wageni wengi hawaioni kabisa. Mzee anakuambia ndege ilianguka "pale nyumbani", unaweka alama kwenye GPS ya simu, unachimba macho ardhini huoni kitu. Nyumbani ya lini? Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya sabini ilihamisha watu kutoka kwenye tembe zao zilizokuwa zimetawanyika, kila ukoo na mashamba yake, ikawakusanya kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Kijiji unachokiona leo mara nyingi sio mahali babu yake alipolima. Shamba la stori lipo kwenye mahame, huko porini ambako leo ni malisho, na njia ya kulipata ni kuuliza mibuyu, visima vya zamani, makaburi ya ukoo, na mipaka ya nani alipakana na nani. Hapo waulize akina mama hasa, wao ndio waliolima, wanajua lipi lilikuwa la nani na liliishia wapi, wanaume watakupa majina ya majenerali. Na kama miguu ya mzee bado inaruhusu mwombe muende pamoja, akifika penyewe atakumbuka mambo ambayo barazani yasingetoka.

Muda unatubana. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kweli kweli 2016 na mji ukawa jiji 2018, mashamba ya pembezoni yanapimwa viwanja, katapila linasukuma mahame lote kwa asubuhi moja. Biashara ya skrepa nayo inamaliza kilichobaki, kijana akiona alumini anawaza kilo, na inakwenda kusubiwa sufuria. Sheria nayo haisaidii sana, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo injini ya 1916 kisheria ni ya juzi tu. Mimi nadhani mpaka huo unatakiwa kuangaliwa upya, na naomba wanaohusika wasome hili kama ombi la mtu anayeona vitu vinayeyushwa.

Kwa anayetaka kuanza: mtafiti pitia kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), wilayani, halafu kwa mtendaji wa kijiji, usiruke hata mmoja. Usinunue kipande chochote hata kwa huruma, ukinunua kimoja kesho vitachimbwa ishirini na mahali pake patapotea. Kipige picha na rula pembeni, usikisugue. Kitu chenye umbo la bomu au risasi usikiguse wala usikigonge hata kama kimekaa miaka mia, weka watu mbali na uite polisi, na ukikuta mifupa ya mtu simama papo hapo uite serikali ya kijiji. Mzee mrekodi kwanza kwa Kigogo au Kirangi au Kisandawe, lugha aliyosimuliwa nayo, hata kama Kiswahili chake ni kizuri, tafsiri itafuata. Na ile rekodi waachie nakala kwenye simu ya mjukuu wake siku hiyohiyo kabla hujapanda pikipiki kuondoka, ni mali yao.